Kutengana kama Kipimo: Familia, Mbwa na Mfungamano wa Moyo

Mapenzi yaliyopo baina ya familia na mbwa wake ni magumu kupimwa kwa maneno, kwa kuwa katika jamii moja watu huyatia chumvi wanapoyasimulia na katika jamii nyingine huyaficha kwa kuona haya, hata mtu aliyekesha kando ya mbwa mgonjwa akawaambia majirani asubuhi kwamba alikuwa akiichunga mali yake tu. Wataalamu wa tabia za binadamu na wanyama, walipoona kwamba kuhoji watu hakufiki mbali, waligeukia kipimo kisichomtegemea msemaji: huangalia yanayotokea pande mbili zinapotenganishwa, kwa dakika chache au kwa miaka, kwa hiari au kwa nguvu, kisha huangalia yanayotokea zinapokutana tena, ikiwa zitajaliwa kukutana. Sura hii inafuata njia hiyo. Inaanzia katika chumba cha utafiti, inapitia vita, maradhi na mafuriko, kisha inafika kwenye talaka na kifo, na hoja yake ni kwamba kifungo hiki ni cha jamaa moja na kile kinachomfunga mtoto kwa mlezi wake, kwamba kina nguvu ya kumfanya mtu mzima akatae kuyaokoa maisha yake mwenyewe, na kwamba serikali, sheria na hata ndugu wa karibu wamechelewa mno kukitambua.

Kwa neno mfungamano hapa inakusudiwa hali ya kihisia ya kudumu ambamo kiumbe mmoja hamkubali mwingine yeyote awe badala ya yule aliyemzoea, hata kama huyo mwingine anatoa chakula kile kile na ulinzi ule ule. Wazo hili lilipewa umbo lake la kisayansi na John Bowlby, daktari Mwingereza wa magonjwa ya akili, ambaye alipinga imani ya zama zake kwamba mtoto humpenda mama kwa sababu mama ndiye chanzo cha maziwa. Bowlby alishikilia kwamba ukaribu wenyewe ni hitaji la maumbile, kwa kuwa kichanga aliyebaki karibu na mlezi wake ndiye aliyenusurika na wanyama wakali na baridi ya usiku katika historia ndefu ya binadamu, na kwamba shibe ni jambo jingine linalosimama peke yake.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki ni muhimu kujua kwamba sehemu kubwa ya ushahidi wa kwanza wa nadharia hiyo ilikusanywa katika vijiji vya Buganda. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth, mzaliwa wa Marekani aliyekulia Kanada na ambaye alikuwa amefanya kazi na Bowlby mjini London, alifika Uganda mwaka 1954, akapata nafasi katika Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki iliyokuwa Makerere, na kwa miezi kadhaa, akiwa na mkalimani, akawa anazitembelea familia 26 za Waganda karibu na Kampala zilizokuwa na watoto wachanga 28. Alikuwa akiketi sebuleni nyakati za alasiri, saa ambazo akina mama hupokea wageni, akiangalia jinsi mtoto anayetambaa anavyomwacha mama yake na kwenda kuchunguza kitu upande wa pili wa chumba, anavyogeuka kuhakikisha kwamba mama bado yupo, na jinsi anavyorudi mbio mgeni anaposogea. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1967 kuhusu watoto hao wa Uganda alimweleza mama kuwa kituo salama, yaani mahali ambapo mtoto anaondokea kwa ujasiri kwa sababu ana hakika ya kupokewa akirudi. Wapo wataalamu waliomlaumu baadaye kwa kumtazama mama zaidi kuliko bibi, shangazi na dada wakubwa ambao katika jamii nyingi za Kiafrika hulea pamoja naye, na lawama hiyo ina uzito, kwa maana hata mbwa wa familia, kama itakavyoonekana, mara nyingi ana walezi kadhaa na si mmoja.

Alipohamia Baltimore, Marekani, Ainsworth aligundua kwamba watoto wa huko, waliozoea kuona mama akitoka na kuingia, hawakushtuka upesi kama wale wa Buganda, na ndipo alipobuni jaribio lililompa umaarufu, ambalo kwa Kiswahili linaweza kuitwa jaribio la hali ngeni. Mtoto wa umri wa mwaka mmoja hivi huwekwa na mama yake katika chumba asichokijua chenye vitu vya kuchezea, mgeni huingia, mama hutoka na kumwacha mtoto na mgeni huyo, mama hurudi, kisha mtoto huachwa peke yake kabla ya mgeni, na hatimaye mama, kurejea. Mambo yote huchukua dakika 20 hivi, na kinachoandikwa na mtafiti aliyejificha nyuma ya kioo ni machache: mtoto anacheza kiasi gani mama akiwepo, anafanya nini mlango unapofungwa, na anampokeaje mama anaporudi.

Miaka mingi baadaye, katika Chuo Kikuu cha Eötvös Loránd mjini Budapest, watafiti József Topál na Ádám Miklósi, pamoja na mwalimu wao Vilmos Csányi, walilichukua jaribio hilo na kumweka mbwa mahali pa mtoto. Huko nyuma wanasayansi wengi wa tabia za wanyama walimdharau mbwa kama somo la utafiti, wakimwona kiumbe aliyeharibiwa na ufugaji, asiye na makazi ya asili anamostahili kuchunguzwa. Csányi na wenzake walijibu kwamba makazi ya asili ya mbwa ni familia ya watu, na humo ndimo anamopaswa kutazamwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1998, yaliyohusu jozi 51 za mbwa na wenye mbwa, yalifanana sana na yale ya watoto. Mbwa walicheza na kukizunguka chumba zaidi mwenyewe alipokuwepo, waliusimamia mlango alipotoka, hawakutulizwa sawasawa na mgeni hata alipojaribu kuwachezesha, na aliporudi mwenyewe walimkimbilia na kumgusa kwa namna ambayo hawakumfanyia mgeni aliyeingia kwa mlango ule ule.

Utafiti uliofuata wa kundi hilo hilo unagusa zaidi, kwa kuwa ulifanywa kwa mbwa wa vituo vinavyohifadhi wanyama wasio na wenyewe. Mbwa hawa, ambao wengi wao hupata muda mchache sana wa kuwa na watu, walikutanishwa na mtu mmoja mara tatu tu kwa vipindi vifupi vya kupapaswa na kuchezeshwa, na baada ya hapo wakaonyesha kwa mtu huyo dalili za mfungamano katika jaribio la hali ngeni. Jambo hilo linaeleza kwa nini mbwa mzima aliyeokotwa barabarani anaweza kuwa wa familia ndani ya muda mfupi, na vilevile linaonyesha ukubwa wa madhara ya kumchukua mbwa kwa majaribio na kumrudisha kituoni baada ya wiki moja, desturi ambayo watu huiona nyepesi kwa sababu wao wenyewe hawajapata muda wa kumzoea.

Ikiwa uwezo huu ulitokana na maelfu ya miaka ya kuishi na binadamu, au mbwa mwitu wa zamani tayari alikuwa nao, ni suala ambalo bado linajadiliwa. Watafiti wa Budapest waliwalea mbwa mwitu kwa mikono tangu utotoni na kuwapima wakiwa na umri wa wiki 16, nao hawakuonyesha kumtofautisha mlezi na mgeni jinsi watoto wa mbwa walivyofanya. Lakini mwaka 2022 kundi la Chuo Kikuu cha Stockholm liliwapima mbwa mwitu waliolelewa na watu wakiwa na wiki 23, likawaona wakimtafuta mlezi na kutulia walipomwona. Huko Japani, timu ya Chuo Kikuu cha Azabu ilieleza mwaka 2015 kwamba mbwa na mwenyewe wanapotazamana machoni kwa muda, kiwango cha oksitosini, homoni inayohusika pia na mama anayenyonyesha kumpenda kichanga wake, hupanda kwa wote wawili, ingawa idadi ya mbwa waliopimwa ilikuwa ndogo na haifai kujengewa mnara wa madai. Ushahidi wa udongoni una umri mkubwa zaidi: kaburi la Bonn-Oberkassel nchini Ujerumani, lililogunduliwa mwaka 1914 na lenye umri wa miaka 14,000 hivi, lilikuwa na mwanamume, mwanamke na mbwa mchanga wa miezi saba hivi, ambaye meno yake yanaonyesha kwamba aliugua vibaya kwa majuma kadhaa kabla ya kufa. Waliouchunguza mfupa wa taya yake walihitimisha kwamba asingeweza kuishi muda huo wote bila kulishwa, kunyweshwa na kusafishwa na mtu, na mbwa wa umri ule, aliye mgonjwa kiasi kile, hakuwa na faida yoyote ya uwindaji wala ulinzi.

Inaweza kuulizwa kama haya yote yanahusu tu jamii ambazo mbwa hulala kitandani. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Mwambao wa Afrika Mashariki, mate ya mbwa ni najisi nzito, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, hivyo mbwa hana nafasi ndani ya nyumba. Mafundisho hayo hayo, hata hivyo, yanaruhusu mbwa wa kuwinda na wa kulinda mifugo na shamba. Hadithi zinasimulia habari za mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na Sura ya Al-Kahf inamtaja mbwa aliyenyoosha miguu yake mlangoni pa pango walimolala wale vijana waumini. Mpaka wa usafi, kwa hiyo, haukukusudiwa kuwa mpaka wa huruma, na wanaoutumia kuhalalisha kuwapiga mbwa mawe hawana pa kuegemea. Kwa upande wa bara, katika nyumba nyingi za Kenya, Uganda na Tanzania, mbwa huishi uani, hula ugali na makombo, hufungwa mchana na kufunguliwa usiku, na huitwa Simba, Tomi au Popi. Mtu mzima wa nyumba hiyo akiulizwa, atasema mbwa ni wa ulinzi. Mtoto wa nyumba hiyo hiyo, ambaye ndiye anayempelekea chakula na ndiye anayefuatwa naye hadi njia panda akienda shule, ana uhusiano mwingine kabisa na mnyama yule yule, na ni kosa la kitaalamu kumhoji baba peke yake na kuandika kwamba familia haina mfungamano na mbwa wake.

Tofauti hiyo baina ya mtu mzima na mtoto ina uzito wa kufa na kupona, kwa sababu ya kichaa cha mbwa, ugonjwa wa virusi unaoshambulia ubongo na ambao, dalili zikishajitokeza, huua karibu kila anayeupata. Inakadiriwa kwamba watu 59,000 hivi hufa kwa ugonjwa huu duniani kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa, na takriban wanne katika kila kumi ni watoto walio chini ya miaka 15. Mtoto hung'atwa zaidi kwa sababu yeye ndiye aliye karibu zaidi na mbwa. Kwa sababu hiyo hiyo, siku ya chanjo inapotangazwa kijijini, kama katika wilaya zinazopakana na Serengeti ambako kampeni hizo zimeendeshwa kwa miaka mingi, mara nyingi watoto ndio wanaofika wakiwa na mbwa kwa kamba, maana ndio wanaoweza kuwashika bila kung'atwa. Wataalamu wanalenga kuchanja mbwa wasiopungua asilimia 70 ili virusi vikose njia, na lengo hilo halifikiwi pasipo mikono ya watoto hao.

Njia iliyozoeleka zamani, na ambayo baadhi ya mamlaka huirudia hadi leo, ni kuwaua mbwa kwa risasi au sumu. Katika kisiwa cha Flores nchini Indonesia mbwa wengi sana waliuawa mwishoni mwa miaka ya 1990 na ugonjwa ukabaki, na kisiwani Bali, ulipozuka mwaka 2008, ilianzwa vivyo hivyo kabla ya mamlaka kugeukia chanjo ya watu wengi. Sababu mojawapo ya kushindwa huko ni mfungamano wenyewe: wenye mbwa huwaficha au kuwahamishia kwa jamaa wa mbali, wakiubeba ugonjwa hadi mahali ambako haukuwepo, na waliopoteza mbwa hutafuta watoto wa mbwa wengine ambao hawajachanjwa. Mpango wa afya unaodhani kwamba familia itamtoa mbwa wake bila kinyongo unafeli hata pale ambapo familia hiyo haijawahi kutamka kwamba inampenda.

Zipo nyakati, kwa bahati mbaya, ambapo familia zilitii. Vita vilipokaribia mwaka 1939, kamati iliyoundwa nchini Uingereza kushughulikia wanyama wakati wa mashambulizi ya anga ilitoa kijarida cha ushauri kilichowataka wenye wanyama wawapeleke mashambani mapema, na kikaongeza kwamba pasipo uwezekano huo, kuwaua ni jambo la huruma zaidi. Hapakuwa na amri ya serikali. Hapakuwa na bomu lililokwisha kudondoka. Hata hivyo, katika juma la kwanza baada ya vita kutangazwa tarehe 3 Septemba, foleni zilijipanga nje ya zahanati za wanyama za London, na kwa hesabu anayoieleza mwanahistoria Hilda Kean, mbwa na paka wapatao 400,000 waliuawa, yaani karibu robo ya wote waliokuwemo mjini. Mashambulizi makubwa ya anga yalikuja mwaka mzima baadaye, na wakati huo mbwa waliosalimika walikuwa wakilala na wenyewe chini ya ngazi na katika mahandaki ya bustanini, kwa kuwa makimbilio ya umma yaliwakataza wanyama, wakawa faraja kwa watoto waliotetemeka pamoja nao. Kean anasisitiza kwamba tukio hili lilisahauliwa upesi katika simulizi rasmi za vita, na si ajabu, kwani ni vigumu kwa taifa kukumbuka kosa ambalo kila nyumba ililifanya kwa hiari yake, huku mtoto akishika kamba na mzazi akimwambia kwamba ni kwa manufaa ya mbwa.

New Orleans mwaka 2005 ilitoa funzo kwa upande wa pili, wa waliokataa. Kimbunga Katrina kilipoipiga pwani ya Ghuba ya Meksiko tarehe 29 Agosti, kuta za kuzuia maji zilibomoka na takriban asilimia 80 ya mji ikafunikwa na maji. Chama cha kulinda wanyama cha Louisiana kilikuwa kimeshahamisha wanyama 263 waliokuwa mikononi mwake kwenda Houston kabla ya kimbunga kufika, jambo linaloonyesha kwamba kuhamisha wanyama kuliwezekana pale palipokuwa na mpango. Lakini wanyama wa majumbani hawakuwa katika mpango wa mtu yeyote. Mabasi ya kuwaondoa watu, mashua na helikopta za uokoaji, pamoja na makimbilio mengi, yaliwakataza. Aliyekuwa na gari lake aliondoka na mbwa wake, na asiyekuwa nalo, ambaye katika mji ule aghalabu alikuwa maskini, mzee au Mmarekani Mweusi, aliambiwa achague. Katika uchunguzi wa maoni uliofanywa baadaye na taasisi ya Fritz, asilimia 44 ya waliobaki walisema kwamba kutotaka kuwaacha wanyama wao kulichangia uamuzi huo. Hawa walijua hatari iliyokuwa ikija, na wengi walipima wakaona kwamba kumfungia nyumbani kiumbe aliyewategemea, wakijua kwamba maji yanapanda, ni jambo wasiloweza kulifanya na wakaendelea kuishi kama watu wale wale.

Habari iliyoubadili moyo wa umma ilikuwa fupi. Shirika la habari la Associated Press liliripoti kwamba nje ya uwanja wa Superdome, mvulana aliyekuwa akipanda basi alinyang'anywa na polisi mbwa wake mdogo mweupe, akalia akilitaja jina lake, Snowball, hadi akatapika. Habari hiyo ilirudiwa katika mijadala ya Bunge la Marekani, na tarehe 6 Oktoba 2006 Rais George W. Bush alitia saini sheria inayozitaka serikali za majimbo na za mitaa, zikitaka kustahili msaada wa shirikisho wa kujiandaa na maafa, ziwe na mipango inayozihesabu kaya zenye wanyama wa nyumbani na wanyama wasaidizi, kama mbwa wanaowaongoza vipofu. Kimbunga Gustav kilipoikaribia Louisiana mwaka 2008, watu walihamishwa pamoja na wanyama wao. Msingi wa sheria hiyo ulikuwa usalama wa watu, kwa hoja kwamba mtu hawezi kuokolewa ikiwa anayempenda ameachwa nyuma, na hapo mfungamano uliingia katika hesabu za dola kama jambo linaloamua ni nani atakayepona.

Sheria hiyo haikuzisaidia familia zilizokwisha kutenganishwa. Maelfu ya mbwa na paka walitolewa majumbani na watu wa kujitolea, wakakusanywa hasa katika viwanja vya maonyesho vya Lamar-Dixon mjini Gonzales, kisha wakasambazwa katika vituo vya majimbo mengine kwa sababu nafasi ilikwisha. Wachache tu walikuwa na chipu, kifaa kidogo kama punje ya mchele kinachowekwa chini ya ngozi na kubeba namba ya utambulisho, na sehemu ndogo tu ya wanyama hao ndiyo iliyorudi kwa wenyewe. Kulikuwa na familia zilizomwona mbwa wao kwenye intaneti baada ya miezi kadhaa, zikapiga simu, zikajibiwa na watu waliokwisha kumchukua kwamba wao pia wanampenda na kwamba aliyemwacha mbwa majini hamstahili. Kesi zilifunguliwa, nyingine zikaburutwa kwa miaka. Inawezekana kabisa kwamba pande zote mbili zilimpenda mbwa huyo kwa dhati, lakini kauli kwamba familia ya kwanza ilimtupa ilikuwa dhuluma, kwa sababu watu hao walilazimishwa, wengine kwa mtutu wa bunduki, na hukumu juu ya mapenzi yao ilitolewa na watu waliokuwa na magari.

Kesi hizo zilizua swali ambalo mahakama za nchi nyingi zilikuwa zikilikwepa, nalo ni kwamba mbwa kisheria ni mali, sawa na meza, na meza haiulizwi ingependa kukaa na nani. Talaka ndiyo iliyolisukuma swali hilo zaidi. Mwaka 2017 jimbo la Alaska lilianza kuwataka mahakimu, wanandoa wanapoachana, wazingatie ustawi wa mnyama mwenyewe wanapoamua atakaa wapi, na tangu Januari 2022 sheria ya Hispania inamtambua mnyama kuwa kiumbe mwenye hisia na kuruhusu malezi ya pamoja baada ya ndoa kuvunjika. Tanzania nayo ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza ukatili, ingawa suala la mbwa katika talaka bado liko mbali na mabaraza ya usuluhishi ya kata, ambako mali inayogombewa ni kiwanja na ng'ombe.

Kifo ni kutengana kusiko na baraza la rufaa, na hapa jamii huwa na ugumu wa moyo usio na sababu. Kenneth Doka, mtaalamu wa Marekani wa masuala ya msiba, alieleza mwaka 1989 dhana ya huzuni isiyotambuliwa, yaani huzuni ambayo aliyefikwa nayo hapewi pole, hapewi siku za mapumziko, wala hawekewi matanga, kwa sababu jamii haikihesabu alichokipoteza kuwa msiba. Kifo cha mbwa ni mfano ulio wazi wa huzuni hiyo. Mwenye mbwa hurudi kazini kesho yake. Akilia, huambiwa atafute mwingine, ushauri unaopingana na maana yenyewe ya mfungamano iliyoelezwa mwanzoni mwa sura hii. Mzigo huongezeka pale ambapo kifo kilitokana na uamuzi wake mwenyewe, baada ya daktari wa mifugo kueleza kwamba maradhi hayatibiki na kwamba sindano ya kumaliza mateso ndiyo njia iliyobaki, kwa maana hakuna ndugu mwingine katika familia ambaye mtu huombwa atie saini ya kifo chake na kisha atarajiwe kunyamaza.

Kwa watoto wengi kifo hicho ndicho cha kwanza kukiona, na wazazi, kwa nia njema, huwaambia kwamba mbwa ametoroka au amepelekwa shamba. Uongo huo una madhara, kwa sababu mtoto aliyeambiwa kwamba rafiki yake ametoroka hubaki akimngoja, na hujiuliza alimkosea nini. Aliyeambiwa kwamba amekufa, akashirikishwa kuchimba shimo na kufukia, hulia sana lakini hajengewi tumaini la uongo. Na katika nyumba yenye mbwa zaidi ya mmoja, anayeomboleza si binadamu peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 na watafiti wa Italia, uliowahusisha watu 426 waliopoteza mmoja kati ya mbwa wao, ulionyesha kwamba asilimia 86 kati yao waliona mabadiliko kwa mbwa aliyebaki: alitafuta zaidi kuwa karibu na watu, alicheza na kula kidogo, alilala zaidi, akawa mwoga. Miaka ambayo mbwa hao wawili waliishi pamoja haikueleza mabadiliko hayo. Yaliyohusiana nayo ni urafiki uliokuwa baina yao, na pia ukubwa wa huzuni ya mwenye nyumba, ambayo mbwa aliyebaki, kwa dalili zote, alikuwa akiisoma.